Nilivyompima Baba Mkwe wa Mama Kulwa

Jamani, leo nimepata aibu ya kunitosha mpaka uzeeni.

Mnajua nimeacha kuchora ramani serikalini ili nijitegemee, niwachoree watu wanaotaka kuongeza chumba kwenye nyumba zao. Basi leo asubuhi ndiyo nilikuwa naenda kwa mteja wa kwanza, Mama Kulwa, yule muuza vitenge wa hapa Ngokolo. Usiku usingizi sikupata. Nimevaa Kaunda suti, penseli sikioni. (Kila nikifika mlangoni, narudi chooni kwa woga.)

Mama Kulwa akanipokea nje, sauti ya chini.

"Fundi, chumba ni cha baba mkwe. Tumemleta kutoka Ushetu aje atibiwe. Daktari kasema asirudi tena kwenye shamba lake la tumbaku, lakini mwenyewe hatujamwambia. Akisikia tunamjengea, ataondoka leo leo. Amelala. Pima kimya kimya."

"Hakuna shida, Mama Kulwa."

(Ilikuwepo. Mimi namwogopa mzee yeyote mwenye fimbo.)

Akaenda bombani kuchota maji. Nikaingia. Mzee kalala sebuleni, godoro limebanwa ukutani, shuka mpaka kidevuni, fimbo ubavuni. Nikapima dirisha kwanza. Dogo! Ukabaki ukuta wenyewe, ule utakaotobolewa mlango, na mzee kauegemea. Nikapiga magoti. Nikaivuta futi yangu ya kupimia taratibu kutoka kona ya kichwani, ikapita karibu na shavu, ikapita ubavuni, mpaka kona ya miguuni.

Jicho moja likafunguka.

"Imefika ngapi?"

Sauti ya upole kabisa. Mtu mwenye akili angeeleza shida yake. Mimi nikajibu!

"Futi kumi na mbili, mzee. Shikamoo."

"Futi kumi na mbili? Mnanizika na ng'ombe?"

Mzee akaketi, akapiga yowe: "Mayu wane! Mama yangu! Wananipimia jeneza na roho bado ninayo!"

Majirani wakaja mbio. Mama wa kwanza akaniona nimepiga magoti, futi mkononi, akajitupa chini pale pale mlangoni. "Maskini babu, ametutoka!" Wa pili akamfuata. Huko nje vilio vikapokelewa. Mwanamume mmoja akavua kofia, akaniuliza kwa unyenyekevu:

"Amekata roho saa ngapi, fundi?"

"Bado!" mzee akamjibu mwenyewe, huku anapapasa fimbo yake. "Ndiyo kwanza napimwa!"

Mlango umejaa watu. Nikaliona dirisha. Nimetoka kulipima kwa mkono wangu, najua halinitoshi. Nikaruka hivyo hivyo! (Msiniulize kwa nini.) Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Hapo nikakwama: uso nje, natazamana na kuku, makalio sebuleni, mbele ya mzee na fimbo yake. Na suruali imeachia mshono wote. Alinichapa, jamani! Mbele ya wafiwa!

Mama Kulwa akarudi, akatua ndoo, akapiga magoti nje ya mlango bila kumtazama mkwewe, akaeleza kila kitu. Vilio vikakatika. Fimbo ikasimama. Hilo lilinitisha kuliko kuchapwa. Nikajua sasa anaondoka, na kazi yangu ya kwanza inaondoka naye, na nyumbani mke wangu ananisubiri nimwambie tumeanzaje.

"Chumba changu mimi?" akauliza. "Chenye mlango wake?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu nimekuja nimelazwa hapa kama gunia, mkwe wangu akipita anaona miguu yangu. Aibu gani hii! Mzigo nimeshaufunga, nilitaka kesho nijiondokee." Akanigusa kwa ncha ya fimbo. "Na wewe! Dirisha la chumba changu ulichore kubwa. Siku ukija kunipima kweli, uwe na pa kutokea."

Wakanishika miguu, wakanivuta mpaka nikatoka. Kazi nimepata.

Haya, chekeni. Ila nani ana mto? Kiti hiki ni cha mbao.