Madirisha ya Vioo Viwili Kasingirima

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Semina ya mazingira, Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Nilikwenda kwa ajili ya sambusa. Nimerudi na utajiri.

Bwana Leodgar, ofisa mazingira wa shirika moja la kuhudumia wakimbizi, ametueleza kwamba vilima vyetu vinanyolewa kwa kuni, na tusiwasingizie wakimbizi peke yao, maana hata sisi wenyeji tuna mashoka. Kisha akageukia nyumba. Kumbe dirisha nalo linakula kuni! Ulaya, anasema, dirisha moja linawekwa vioo viwili na hewa inafungiwa katikati. Joto halipiti. Nyumba inatumia mafuta kidogo, moshi unapungua, miti inapona. Akaanza kusema kwamba huku kwetu kwenye joto mambo ni tofauti, lakini hapo sambusa zikafika nje, nami nikatoka. La maana nilikuwa nimeshalipata.

La maana zaidi nililisikia kwenye foleni: Bwana Leodgar anatafuta nyumba ya kupanga, na Jumamosi atapita mtaani kwetu Kasingirima! Siku hizi mwenye nyumba aliyepata mpangaji wa shirika hata salamu haitikii. Hamdani, jirani yangu, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Naye alisikia. Nyoka yule!

Eufrasia, mke wangu, ameuliza sisi tutalala wapi. Nikamwambia jikoni, uani. Amenitazama sana. Amekubali kwa sharti moja: Jumamosi ikipita bila mpangaji, tunarudi ndani, na mimi nakwenda Mwandiga kulima mihogo kwa shemeji, kaka yake. Yule mtu anaamka saa kumi za usiku na kuimba! Lazima nishinde.

Jumanne, 2 Septemba

Tumehamia jikoni. Aibu tupu. Paa la nyasi limeshuka hadi kifuani, kuta ni za matete, na upande wa ziwani hauna ukuta kabisa. Ulianguka mwaka jana nilipokuwa nautengeneza. Upepo umenipiga mpaka nimeomba blanketi. Septemba hii!

Vioo. Mwenye duka Mwanga anataka fedha. Watu hawana imani. Nimezunguka nyumba nikiwaza, macho yakatua kwenye kabati la vyombo la Eufrasia, alilorithi kwa marehemu baba yake. Milango yake ya vioo imetosha dirisha la sebuleni kama iliyopimwa. Dirisha la chumbani nimeongezea kioo cha kujitazamia. Kinatazama nje.

Eufrasia alikuwa sokoni. Amerudi. Aliyoyasema siyaandiki.

Jumatano, 3 Septemba

Hewa ya katikati lazima ifungiwe. Nani Kigoma anajua kuzuia kitu kisipenye? Mafundi wa boti! Nimekwenda Kibirizi kumchukua Mzee Dismasi, fundi kalafati. Yeye huziba nafasi za mbao kwa pamba iliyolowekwa mawese. Ameuliza mara mbili kama kweli nyumba hii haiendi majini. Nikamwambia azibe tu.

Amegonga pamba tangu asubuhi mpaka alasiri. Amemaliza, akasema hata ziwa lipande mpaka hapa, sebule yangu haitaingia tone. Nimejisikia mtu mkubwa. Madirisha hayafunguki tena. Ndivyo inavyotakiwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Jogoo wa Hamdani amejiona kwenye kioo cha chumbani. Amepigana na nafsi yake tangu alfajiri. Hamdani amekuja kulalamika kwamba ndege wake hatagi. Nimemkumbusha kwamba ni jogoo.

Yeye ameazima jenereta na feni. Jenereta linanguruma, linakunywa dizeli, linatapika moshi mweusi hadi kwenye nguo zetu zilizoanikwa. Huyu naye alikuwa kwenye semina! Alisikiliza nini?

Ijumaa, 5 Septemba

Balaa. Jua limepiga na mawese yameyeyuka. Yamechuruzika katikati ya vioo, mekundu, mpaka chini. Sisimizi wakanusa. Wamepata njia ambayo hata Mzee Dismasi hakuijua, wakaingia kwa maelfu. Kutoka hawawezi.

Watoto wa mtaa mzima wamekaa mbele ya dirisha langu wakitazama kama televisheni. Wanashangilia. Nimewafukuza, wakarudi na mama zao.

Ndani siingii. Niliingia kuchukua kofia nikatoka nimelowa. Eufrasia ameanza kuninolea jembe. Polepole, ili nisikie. Naogopa sana.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku yenyewe!

Bwana Leodgar ameanzia kwa Hamdani. Hamdani akawasha jenereta, feni ikazunguka, na moshi wote ukavutwa ndani. Ofisa mazingira ametoka anakohoa, macho mekundu. Nimecheka mpaka Eufrasia akanifinya.

Kisha kwangu. Nikamkaribisha sebuleni, nikafunga mlango ili joto lisiingie. Akaomba nifungue dirisha. Nikamweleza kwa fahari kwamba halifunguki. Miwani ikamwingia ukungu. Akauliza wale sisimizi wanafanya nini ndani ya kioo. Nikamjibu ni mazingira. Akaketi. Akafungua vifungo vya shati. Akasema anaona nyota. Nikamwambia mchana huu haiwezekani, naye akaanguka chali.

Nimemuua mtu wa shirika! Nimepiga kelele. Hamdani amekuja mbio, tumembeba hadi jikoni, tukamlaza kwenye mkeka wangu. Eufrasia akampa maji. Upepo wa ziwa ukampuliza. Akalala usingizi mnono mpaka saa kumi jioni.

Alipoamka alikaa akatazama paa, matete, ule upande ulio wazi. Akauliza nani alijenga. Eufrasia akasema ni yeye na marehemu mama yake. Bwana Leodgar akapiga magoti akagusa matete! Kivuli kirefu, ukuta unaopumua, dirisha kubwa kuliko yote mjini, na hakuna feni, hakuna dizeli, hakuna moshi. Hayo ndiyo aliyoyasema kwenye semina, anadai, baada ya watu fulani kukimbilia sambusa. Anataka apange jiko. Jiko! Wamepeana mikono, yeye na Eufrasia. Mimi nilikuwepo, lakini mkono wangu haukutafutwa.

Jumapili, 7 Septemba

Mpangaji tumempata. Mwandiga siendi. Tumerudi ndani ya nyumba, yaani vyombo vimerudi. Sisi tumelala barazani.

Eufrasia amechukua tindo la Mzee Dismasi alilolisahau hapa, akabandua vioo vyake, akavirudisha kabatini. Sahani zinaonekana nyekundu kidogo. Majirani wanafika kumwuliza namna ya kusuka matete. Hata Hamdani amesuka, amerudisha jenereta la watu. Mimi hakuna anayeniuliza lolote, na imeniuma. Nani amemleta mpangaji? Bila madirisha yangu asingeanguka, na bila kuanguka asingefika jikoni. Hesabu ndogo tu.

Jumatatu, 8 Septemba

Bwana Leodgar amekwenda kambini, atarudi keshokutwa. Nimesimama jikoni kwake nikasikitika. Mtu wa shirika, na upande mzima hauna hata kitasa! Upepo unaingia bila hodi. Mpangaji mheshimiwa anastahili kilicho bora.

Nimepima upande wa ziwani. Vioo vya kabati la Eufrasia vinatosha robo. Hamdani naye ana kabati. Mzee Dismasi yuko njiani, nimemwambia safari hii alete lami, haivutii sisimizi.

Eufrasia ameshika kikapu, anakwenda sokoni. Akipita kona tu, naanza.