Mdomo wa Shemeji Haufuati Sauti

Jumatatu, 6 Julai 2009

Tulungagung nzima hakuna anayejua video kama mimi. Kisiwa chote cha Java labda wapo wawili, na wote wazee, macho hayaoni. Shule niliiacha nilipogundua walimu wananichelewesha.

Leo nimemaliza DVD ya harusi ya dada yangu, Mbak Wening, na shemeji Wahono. Jalada nimelipamba kwa jina langu, KUNCORO, kubwa kuliko majina ya maharusi. Ni haki. Wao walikaa tu. Mimi ndiye niliyefanya kazi! Na kamera ya kuazima niliitunza kama yai: kila nilipokula, lenzi naifunika.

Bapak, baba yetu, akauliza mbona wakati wa kabuli, bwana harusi anapotamka kuikubali ndoa, yeye, walii aliyemshika mkono, haonekani isipokuwa mkono. Nikamwambia ndiyo sinema ya kisasa: uso wa bwana harusi umejaza kioo, hadi nywele za pua. Hajui kitu.

Diski ya kwanza imepanda gari la mboga kwenda milimani Pacitan, kwa Mbah Painten, bibi yetu mzaa baba. Magoti yalimkataza kuja. Ndiye aliyemlea Mbak Wening, na amesema moyo wake hautatulia mpaka aione kabuli kwa macho yake. Ataiona!

Jumatano, 8 Julai

Balaa! Mbah amepiga kwa simu ya jirani. Kelele mpaka paka akatoka nje. Ameitazama diski pamoja na kijiji kizima. Anasema bwana harusi ameshikwa na kigugumizi: mdomo umefunguka, umekwama, umefunguka tena kama kambale aliyetolewa bwawani. Na mashahidi wameitikia "Sah!" mtu hajafika hata katikati ya neno!

Kwetu mtoto mdogo anajua: kabuli ni pumzi moja. Ukikwama unarudia, na shahidi hasemi imekubalika kabla neno halijaisha. Basi Mbah amekata hukumu. Ndoa haipo. Wening arudi kulala chumbani kwa mama yake mpaka uletwe ushahidi ulionyooka.

Ibu, mama yetu, akajitetea, akasema sisi tulikuwepo, tulisikia kwa masikio yetu. Mbah akamjibu, "Na mimi nimeona kwa macho yangu. Macho yangu hayana kigugumizi."

Bapak hajambishia mama yake tangu azaliwe, hataanza leo. Shemeji kahamishiwa benchi la barazani, na chandarua chenye matundu. Akanitazama vibaya. Mimi! Kompyuta ipo pale, haitazami!

Alhamisi, 9 Julai

Kosa limepatikana. Si langu. Programu iliuliza nataka picha ishirini na tano kwa sekunde, au thelathini kasoro kidogo. Nikachagua kubwa. Mwanamume gani anachagua ndogo? Kumbe kamera inapiga ishirini na tano, na kompyuta inalazimika kubuni zilizobaki, ndiyo maana picha inadunda kama pikipiki yenye maji kwenye petroli. Sasa namba kubwa waliiweka ya nini? Mtego!

Halafu nilichoma diski kwa mwendo wa juu kabisa. Watu wa mtandaoni wanasema choma polepole. Watu wa mtandaoni hawana Mbah Painten.

Ninapanga yote upya. Kompyuta inanguruma tangu asubuhi. Umeme wetu ni mdogo, nikamkataza Ibu kupiga pasi, isije ikazima nyumba. Ibu akasema nikimkataza tena, hiyo pasi atanipiga nayo mimi.

Ijumaa, 10 Julai

Picha laini kama uji! Wageni wanakula bila kukwama. Mwimbaji anakata kiuno bila kukwama. Ila kabuli! Sauti inasema lake, mdomo wa shemeji unasema lake.

Nikaisogeza sauti mbele kidogo. Mbaya. Nikairudisha nyuma. Mbaya zaidi: shemeji anaoa huku amefumba mdomo. Nikaivuta, nikaibana, nikaitukana. Mbak Wening akachungulia begani, akasema, "Kun, huyo si mume wangu, huyo ni kikaragosi." Akaenda zake akilia, au akicheka. Sikugeuka kuangalia.

Shemeji naye kutoka barazani akasema mbu wote wa mtaa sasa wanamjua kwa jina, na mimi wakinikosa, wanamuuliza yeye niko wapi. Ananiita "Dik", mdogo wangu, huku meno yamebanwa. Nikamwambia subira ni nguzo ya ndoa. Akanirushia kandambili. Imenipata.

Kosa ni la deki. Deki ya Mbah ni kuukuu. Nimeamua.

Jumamosi, 11 Julai

Fedheha! Bapak kamleta Kang Sodikin. Huyu hukodisha maspika na kupiga video za harusi, na hii kazi aliitaka, mimi nikamwahi kwa udugu. Amekuja na deki yake kwapani, akaketi kitini mwangu, akanywa kahawa yangu. Akaitia diski. Deki yake mpya, kambale yuleyule.

Akaanza kuhubiri. Akasema kosa likiwa la kompyuta, sauti huanza sawa kisha huteleza kidogo kidogo, mpaka mwishoni mwimbaji anaimba akiwa ameshashuka jukwaani. Lakini hii, kabla ya kabuli iko sawa, baada ya kabuli iko sawa. "Kun, hii si homa ya mwili mzima. Hiki ni kidole kimoja."

Akaomba video yenyewe kama ilivyotoka kwenye kamera. Nikasema imefutika. Akauliza imejifutaje. Nikasema virusi. Akacheka mpaka kahawa yangu ikamtoka puani.

Kisha akasogeza uso karibu na kioo. Akauliza mbona mkono wa Bapak umevaa pete ya akiki kubwa kama kokwa ya fenesi. Bapak akautazama mkono wake. Hauna pete, haujawahi kuwa nayo. Mwenye pete ile ni ami yetu, Paklik Manto. Nikasema ni mwanga tu, lenzi hufanya hivyo. Nikachomoa waya wa umeme.

Fani hii ina wivu, jamani!

Jumapili, 12 Julai

Gari la mboga limerudi na Mbah Painten mwenyewe! Kakaa mbele kama waziri, kapakata kabichi. Magoti yake kayafunga vitambaa. Hakutaka hata chai. Akasema diski hataki tena kuziona. Kesho ndoa ifanywe upya, mbele yake, mchana kweupe. Kwetu si aibu, watu hufanya upya ndoa kama wanavyopaka nyumba chokaa. Kadhi kakubali. Shemeji aliubusu mkono wa Mbah mpaka Mbah akauvuta.

Likaja swali la nani atapiga picha. Bapak akamtaja Sodikin. Sodikin! Nikapiga kelele kwamba damu ya nyumba hii inauzwa, kwamba nimefanya kazi wiki nzima bila asante. Mbah akauliza huyu mtoto ana nini. Mwishoni Mbak Wening akasema nipewe mimi, lakini safari hii nikiharibu, benchi la barazani ni langu. Nikacheka. Mimi, kuharibu?

Jumatatu, 13 Julai

Imekwisha, na ilikuwa tamu. Shemeji kaitoa kabuli kwa pumzi moja kama risasi, mbu wamemfunza. Mashahidi wakaitikia "Sah!" mpaka kuku wa jirani wakaruka. Mbah akalia, akamfuta Wahono jasho kwa ncha ya shali yake, akamwita "mjukuu wangu". Mbak Wening kahamisha mto wake kabla hata dua haijaisha.

Kang Sodikin alikuja kama mgeni, akasimama mbele yangu makusudi na kichwa chake kile kama tikiti. Nikainua kamera juu ya vichwa kwa mkono mmoja. Kazi ya bingwa! Mkono wa pili ulikuwa na paja la kuku.

Kisha Mbah akaniita. Akasema niitukane deki yake nitakavyo, lakini kesho alfajiri anarudi Pacitan na gari la mboga, na hawezi kurudi mikono mitupu. Kijiji kizima kilimwona mume wa mjukuu wake akishikwa na kigugumizi. Sasa anataka kiione kabuli iliyonyooka, kinyamaze. Nikamwambia aihesabu imeshafika.

Nimefungua kamera. Sauti safi kabisa. Kila neno. Hata kikohozi cha kadhi.

Picha giza.

Kifuniko. Mchuzi wa kuku ulikuwa unapitishwa juu ya kichwa changu, nikaifunika lenzi isirukiwe, na kamera ikiwa juu kule nani anaona? Sodikin na tikiti lake ndiye wa kulaumiwa. Kama si yeye ningekuwa natazama.

Sawa. Hapa hakuna anayesoma. Harusi ya kwanza pia ilikuwa giza. Si picha ishirini na tano, si diski, si deki, si virusi. Kifuniko, na paja la kuku. Sauti ilikuwa ya kabuli kweli, ila mdomo ulikuwa wa asubuhi ile, shemeji alipokuwa akijifunza kabuli nyumbani kwa Paklik Manto, ameshika mkono wa Paklik, anakwama, anaanza tena. Ndiyo maana haukufuata sauti. Hata ningesukuma mpaka Kiyama, usingefuata.

Ila picha zile za mazoezi bado ninazo. Safari hii nitaikata ile pete.