Wafalme Watatu na Nane Mbili

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Baiskeli imeliwa! Na aliyeila ni shemeji, kaka wa mke wangu, fundi saa ambaye hata kuiendesha hajui.

Kila Jumamosi mchana tunacheza karata kwenye kibanda cha Kinyozi. Karata za kugawana: kila mtu anashika tano, ndizo mkono wake, na anaweza kubadilisha asizozitaka; nusu ya vilivyowekwa mezani inakwenda kwa mwenye mkono mkubwa, nusu kwa mwenye mkono mdogo. Pesa hatuweki, tunaweka vitu. Mwenye mkubwa anapanga mafungu mawili, mwenye mdogo anachagua lake kwanza.

Niliweka baiskeli, na mkononi nilikuwa na malkia watatu na saba mbili. Mkono wa kutembea nao kifua mbele! Shemeji akaongeza saa ya ukutani, akanikazia macho bila kupepesa. Nikaamini amenishinda. Nikatupa karata.

Kumbe alikuwa na jozi ya kumi. Jozi! Kinyozi, mwenye mkono mdogo, akachagua saa. Baiskeli ikabaki kwa shemeji.

Mke wangu nimemwambia iko kwa fundi. Ni zawadi niliyopewa na mama yake. Na mama yake anakuja Jumapili ya tarehe 15 kukaa nasi wiki mbili.

Jumatatu, tarehe 9

Mpango: uso wa jiwe. Mtu asiyesomeka usoni haogopeshwi.

Nimefanya mazoezi kazini, masjala, mbele ya kabati la mafaili. Mkuu wa masjala akaniuliza jino lipi linauma. Nikasema hakuna. Akasema basi ni figo, akaniamuru niende nyumbani. Sikupata nafasi ya kujitetea kwa sababu uso ulikuwa umekakamaa.

Nyumbani nikamkuta mke wangu anapiga pasi sare za wateja. Yeye ni mshonaji, hana mchezo na kazi. Akauliza ni fundi gani huyo anayelala na baiskeli ya watu. Nikasema mnyororo umeagizwa. Akauliza kutoka wapi. Nikasema mbali. Akaniangalia. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Jumanne, tarehe 10

Nimekwenda kunyolewa ili nimchimbe Kinyozi. Kosa. Wembe ukiwa kooni huwezi kubisha.

Alisema kutupa mkono mzuri si aibu. Katika karata za kugawana, mwenye nguvu upande mmoja anagombea nusu, lakini anachoweka mezani ni kitu kizima. Kama huna hakika na nusu yako, tupa, hata ing'ae namna gani. Nikauliza, je, nikiwa na hakika? Akasema, “Ukiona una hakika, bwana, tazama tena.”

Nimetoka na busara tele na mkwaruzo kidevuni.

Alhamisi, tarehe 12

Nimepita dukani kwa shemeji kumpeleleza, nikijidai saa yangu inachelewa. Nilitaka kujua akidanganya anafanyaje. Akamwambia mteja mmoja saa yake itakuwa tayari kesho. Akashika sikio. Haya! Dakika moja baadaye akamwambia mwingine jambo la kweli tupu. Akashika sikio. Nadhani linamuwasha.

Baiskeli ameiegemeza mlangoni. Ameitia kengele mpya! Nikamsihi asimwambie mama. Akasema hatasema neno, ila akiulizwa hawezi kumdanganya mzazi wake. Kisha akanitoza kwa kuitazama saa yangu.

Jumamosi, tarehe 14

Nilikwenda na mwavuli wa kuweka mezani. Na kwenye mfuko, kwa dharura tu, pasi ya mke wangu. Alikuwa amekwenda kununua uzi.

Nikaweka mwavuli. Kinyozi akaweka redio. Shemeji akaweka baiskeli, akasema anayetaka kuendelea aongeze kitu cha maana. Kinyozi akaongeza kiti chake cha kukunja. Zamu yangu.

Nikachungulia. Wafalme watatu, nane mbili. Moyo ukapiga teke.

Nikafikiri. Kinyozi hakubadilisha karata hata moja, na midomo ameibana: huyo ana mkono mdogo, nusu moja imekwenda. Shemeji amebadilisha moja. Naye akiwa mdogo, nusu ya mkubwa ni yangu peke yangu. Akiwa mkubwa kunizidi, narudi nyumbani bila mwavuli, bila baiskeli, bila pasi. Nikitupa sasa, napoteza mwavuli tu, pasi inarudi mahali pake kabla haijaulizwa. Tupa! Busara yote inasema tupa. Lakini malkia wangu je? Niliwatupa wale, nikacheka na nani?

Shemeji akashika sikio. Nikaweka pasi.

Tukafunua. Shemeji mdogo! Mdogo kuliko hata Kinyozi. Mkubwa mimi! Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye rafu ya poda.

Kisha ikabidi nipange mafungu, naye achague. Nikiweka baiskeli na pasi pamoja, atachukua zote mbili. Nikatumia akili: baiskeli peke yake huku, pasi, redio, kiti na mwavuli kule. Nikajua kwa roho yake mbaya atang'ang'ania baiskeli ili anikomoe.

Akasema kuisukuma baiskeli kunamuumiza kiuno. Akabeba pasi.

Jumapili, tarehe 15

Mama mkwe amefika. Ameiona baiskeli, amepiga kengele mara tatu, amesema, “Mwanangu, unajua kutunza vitu.” Nikainama.

Halafu mke wangu akatafuta pasi ili amnyooshee mama gauni la safari. Nikasema iko kwa fundi. Akauliza fundi yupi. Nikasema yule yule. Mama mkwe amekwenda kusalimia majirani akiwa na mikunjo mgongo mzima, na sare kumi na mbili za wateja ziko kikapuni.

Nimetafakari sana. Mara ya kwanza nilitupa, nikaumia. Mara ya pili nilishikilia, nikaumia. Kwa hiyo kutupa au kushikilia si hoja. Hoja ni kwamba naweka vitu vidogo, hawaniogopi.

Sanduku la mama mkwe limesimama kwenye ujia. Ngozi halisi, magurudumu manne, kufuli mbili za shaba. Nguo zake ameshazipanga kabatini, na safari yake ya kurudi ni baada ya wiki mbili.

Jumamosi iko karibu zaidi.