Karakana ya Baba Juu ya Meza ya Chakula

Jumapili, 2 Juni

Leo nimesema uongo. Kwa nia njema kabisa.

Nilikwenda kumsalimia mama. Anaishi kwa mdogo wangu, kitindamimba wetu, tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Nyonga imepona. Mama mwenyewe ndiye hajapona. Anashinda chumbani ameuelekea ukuta, hataki kutoka hata mlangoni. Mdogo wangu amemnunulia kiti cha kunesanesa. Redio. Miwani mpya. Mama anasema ahsante baba, kisha anarudi kuangalia ukuta.

Na mimi, kifungua mimba mzima, nimekwenda mikono mitupu! Nikaona haya. Ulimi ukateleza. Nikamwambia nimeijenga upya ile karakana ya treni aliyofanyia kazi baba. Ndogo, ya kuwekwa mezani, lakini yote. Tena kwa vipimo.

Mama akageuka.

"Ile yetu? Ile waliyoibomoa?"

Nikasema hiyo hiyo. Akasema Jumapili ijayo atakuja kuiona. Mama! Aliyekataa kutoka hata kwa daktari! Mdogo wangu akatoka nje kukohoa. Wivu huo.

Nashukuru Mungu kwa ulimi alionipa. Sasa kilichobaki ni kuijenga tu.

Jumatatu, 3 Juni

Ninacho kitu kimoja: boksi la reli za kuchezea. Mteja mmoja alihama mji akaniachia, nami nikalisukumia chini ya kiti cha kunyolea. (Mimi ni kinyozi. Naliandika hili kwa faida ya wajukuu watakaosoma.) Reli tu. Hakuna kichwa cha treni, hakuna hata behewa.

Karakana inataka nafasi. Meza yetu ya chakula imekaa sawasawa, utadhani seremala aliichonga kwa kazi hii. Nikamweleza mke wangu kwamba nitaiazima kwa siku moja. Akauliza siku ipi. Mwanamke ana maswali huyu!

Cha jioni tumekula kwenye meza ya kupigia pasi, tumekaa ubavu kwa ubavu kama abiria. Ukiegemea upande wako, sahani ya mwenzio inapanda. Mke wangu hakugomba. Alisema tu kwamba siku ya kuolewa mama yake alimwonya kuhusu walevi, ila hawa wengine alisahau kumwonya.

Namshukuru. Wengine wangerusha sahani.

Jumanne, 4 Juni

Kuta zimesimama! Maboksi ya viatu, gundi, rangi iliyobaki tulipopaka jiko. Paa ni kadibodi yenye mikunjo, ukilitazama unaapa ni bati.

Lakini karakana inang'aa kama hospitali. Karakana yetu ilikuwa nyeusi tititi. Baba akirudi kazini unaona meno na macho tu, nasi watoto tunamkimbilia, na mama anatukimbilia sisi na mwiko ili tusichafue nguo. Nilihitaji makaa ya mawe. Masizi. Nikazunguka dukani nikiwaza, ufagio mkononi, mpaka nikatazama nilichokuwa nikifagia.

Nywele!

Nimezikatakata, nimezimwagia gundi. Kwa mbali ni makaa ya mawe. Kwa karibu ni nywele. Si neno, mama haoni vizuri kwa karibu. Kisha nikakumbuka ile miwani mpya. Mdogo wangu ananiandama hata asipokuwepo.

Ikabaki moshi. Moshi ni mweupe. Saa hiyo hiyo akapita Mwalimu, mstaafu wa mtaa wetu, na kichwa chake kama pamba. Nikamwita. Akasema alinyolewa wiki iliyopita. Nikasema mtindo umebadilika. Alitoka akijipapasa kichwa kama mtu aliyepoteza kitu. Nami nilikuwa nimekipata.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Mwalimu amerudi kuchukua kofia aliyoisahau. Akakuta bomba la moshi la treni limesimama mbele ya kioo, na juu yake yeye mwenyewe.

Akainama. Akatazama. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, nikapata mawili matatu mazuri. Hayakuhitajika. Mwalimu akauliza kwa nini moshi wake umesimama wima. Treni inayotoka moshi wake hulala nyuma, nani asiyelijua hilo? Akaomba kitana. Akakaa mpaka nafunga duka, anaulaza moshi taratibu, anausogelea, anarudi nyuma kuutazama. Akasema nikipungukiwa nimwambie, nyuma ya masikio bado zipo.

Kuna watu na watu. Namshukuru sana, ingawa wateja watatu walikata tamaa ya kusubiri.

Alhamisi, 6 Juni

Leo kichwa cha treni. Nimetengeneza kimoja kwa kopo la samaki. Mke wangu akakisifu sana, kisha akauliza ni jiko la mafuta au la mkaa.

Basi ikabidi nilifikirie kabati la mdogo wangu. Pale sebuleni, nyuma ya kioo, kuna kichwa cha treni cha kweli, yaani cha kuchezea lakini cha kweli, cheusi, magurudumu mekundu. Alikileta kutoka safari ya kikazi. Anakifuta vumbi mwenyewe. Kumwomba? Mimi, kaka yake? Aanze kuniuliza karakana imefikia wapi? Thubutu!

Nilikwenda kumwamkia mama. Mama alikuwa ameupa ukuta mgongo! Ananiuliza kama nimekumbuka tangi la maji. Nikasema tangi ndilo nililoanza nalo. (Kesho nianze tangi.) Nikapitia sebuleni. Kabati halikuwa na ufunguo. Nikakitia kichwa cha treni ndani ya shati, tumboni.

Langoni nikakutana na mdogo wangu anaingia. Kwa kawaida huniamkia kwa kichwa tu. Leo akanikumbatia! Akanibana kabisa. Akasema kaka umenenepa siku hizi, ila umenenepa pembe pembe. Nikacheka kwa tahadhari.

Nadhani hakushuku kitu. Kitindamimba siku zote huwa mzito kidogo.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya ushindi wa akili. Karakana yetu ilikuwa na meza kubwa ya chuma ya kugeuzia vichwa vya treni. Kichwa kinapanda juu, meza inazunguka, kinatoka kikiangalia kilikotoka. Utotoni hakuna kitu nilichokipenda kama kile. Sasa nani atazungusha ya kwangu? Mota ya mashine yangu ya zamani ya kunyolea! Nimeifunga chini ya sahani. Inazunguka. Kweli inatetemeka kidogo, na vyombo vya kabatini vinalia, lakini inazunguka.

Tangi nalo limekwisha. Kopo la rangi juu ya miguu minne ya penseli. Nimetia maji halisi. Mke wangu akauliza maji ya nini, nani atachungulia humo? Nikamwambia kazi ya sanaa haidanganyi.

Jioni mdogo wangu akapiga simu. Eti anauliza karakana nimeiwekea milango mingapi. Nikasema minne, kama ilivyokuwa. Akasema ilikuwa mitatu. Mitatu! Huyu alikuwa bado anabebwa mgongoni! Tukabishana mpaka sikio likawa moto. Nimerudi mezani nikaupanua ule mlango wa nne ili uonekane vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nikaunganisha kila kitu. Kichwa cha treni hakiendi. Nikakisukuma, kikaenda. Nikakiacha, kikasimama. Nikawaza kukivuta kwa uzi kutoka chini ya meza. Nilikuwa huko chini, na uzi mdomoni, nilipoona viatu vya mdogo wangu.

Akaniambia shikamoo kaka. Nikasema marahaba, kwa shida, kwa ajili ya uzi. Akaweka juu ya meza kiboksi chenye waya. Akasema kile kichwa cha treni hakitembei bila hicho. Nikamweleza kwamba nilikuwa nimekiazima tu. Akasema anajua, alikaa garini akaniona kupitia dirisha la sebuleni nikikiazima.

Tangu Alhamisi alijua! Na akanikumbatia!

Ili kubadili mazungumzo, nikawasha meza ya kugeuzia. Sahani ikaanza kuzunguka na kutetemeka. Karakana ikatetemeka. Penseli zikatetemeka. Tangi likaenda hatua ndogo ndogo hadi ukingoni kama bibi harusi, likajimwaga lote kwenye suruali ya mdogo wangu na kwenye kiboksi cha waya. Paa! Nyumba nzima umeme ukakatika.

Nilingoja aseme. Ningekuwa mimi ningesema mengi. Yeye akavua saa, akapiga magoti, akaanza kukausha waya mmoja mmoja. Kidogo akaniomba bisibisi. Nikampa. Kidogo nikamwomba anishikie ukuta. Akashika. Mara ya mwisho kukaa sakafuni na mdogo wangu tukitengeneza kitu, sote tulikuwa hatuna meno ya mbele. Mke wangu akamletea suruali yangu avae. Ilimwishia kwenye mashavu ya miguu, akafanya kazi hivyo hivyo. Kisha mke wangu akakaa na cherehani yake akashona magunia ya makaa, madogo kama punje za maharage, bila kuombwa.

Umeme ulirudi. Treni ikaenda. Sote watatu tulipiga kelele kama wendawazimu.

Namshukuru mdogo wangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hatasoma. Kuhusu milango bado amekosea.

Jumapili, 9 Juni

Mama amekuja!

Gauni la kutokea. Mkono mmoja mkongojo, mkono mwingine begani kwa mdogo wangu. Hakutaka kiti. Akaizunguka meza polepole, miwani imemshuka puani. Nikaanza kueleza. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Mama akaunyoosha mkongojo kwenye karakana. Akauliza, hii milango ni ya nini?

Nikamtazama mdogo wangu kwa ushindi. Nikasema ndiyo ile minne. Mdogo wangu akasema mama, mwambie ilikuwa mitatu.

"Milango gani?" mama akasema. "Karakana ile haikuwa na mlango hata mmoja. Palikuwa wazi, upepo unaingia huku unatokea kule. Nyie mliota wapi hiyo milango?"

Sote wawili tukainama kutazama sakafu. Hili ndilo jambo la kwanza mimi na mdogo wangu kukubaliana tangu tuwe watu wazima.

Mdogo wangu akawasha treni haraka kuokoa hali. Ikatoka karakanani vizuri, moshi wa Mwalimu umelala nyuma, safi kabisa. Ikazunguka. Ikapanda meza ya kugeuzia. Meza ikatetemeka, na kichwa cha treni kikateleza, kikapinduka, kikalala ubavu ndani ya makaa.

Nikatamani ardhi ipasuke.

Halafu mama akacheka. Si tabasamu, kicheko! Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Mdogo wangu akakimbilia kiti. Mama alipopata pumzi akasema, "Hivi hivi! Baba yenu alifanya hivi hivi!"

Hatukuwahi kusikia. Kumbe baba alikuwa msafishaji tu wakati ule, haruhusiwi kugusa breki. Siku moja dereva alipokwenda kunywa chai, baba akapanda aone ladha yake. Kichwa cha treni kikaondoka naye, kikaingia kwenye shimo la majivu, magurudumu ya mbele yote. Ndiyo sababu akaondolewa karakanani miezi kadhaa. Mimi nikasema hapana, baba alituambia kipindi kile alipandishwa cheo.

Mama akasema ndiyo, alipandishwa. Walimpandisha juu ya tangi la maji, alisafishe kwa brashi. Yeye mama alikuwa akisimama chini na chakula, na baba anamwambia kwa sauti kubwa, wenzake wasikie, kwamba huku juu hewa ni nzuri.

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Nilidhani tabia zangu nimeziokota njiani. Kumbe ni urithi.

Mama hakurudi mapema. Alikaa kwenye ile meza mpaka jua likazama, anaonyesha kwa kidole: hapa mlinzi, pale benchi, hapa paka mmoja mwenye mkia uliokatika. Tukala naye kwenye meza ya kupigia pasi. Akaipenda. Wakati wa kuondoka alinishika shavu, kisha akamshika mdogo wangu.

"Ahsanteni wanangu. Nilidhani nimebaki peke yangu ninayeikumbuka."

Nikajifanya natafuta viatu vyake, na alikuwa amevivaa.

Nje, kabla ya kuwasha gari, mdogo wangu akaniapisha. Nisimwahidi mama kitu chochote tena bila kwanza kuzungumza naye. Nikaapa kwa moyo mweupe. Mtu aliyenikaushia waya anastahili kiapo changu, na nitakishika.

Jumatatu, 10 Juni

Mama amepiga simu. Mwenyewe! Mdogo wangu anasema ameamka mapema, ameomba kiti chake kiwekwe dirishani. Sauti yake imejaa. Akauliza kuhusu mto, ule wa nyuma ya karakana, alikofulia ovaroli za baba, penye daraja la chuma. Je, huo nao nimeujenga?

Ningefanya nini? Ningemwambia mama hapana?

Nikamwambia mto umekwisha kitambo, na unatiririka. Akafurahi sana. Anakuja Jumapili, anakuja na dada yake.

Mto unahitaji kitu kirefu chenye kuta, kisichovuja. Nimezunguka nyumba nzima na futi kamba mkononi. Mdogo wangu nitamwambia baadaye, siku akiwa na nafasi, maana mota moja ya kusukuma maji naiona kwenye bustani yake haina kazi.

Nimesimama mlangoni mwa bafu. Mke wangu yumo ndani ya hodhi la kuogea, anaimba. Namshukuru Mungu kwa mke mwenye furaha. Nangoja atoke nimpe habari njema.