Kwa Mujibu wa Profesa Velstrom

Jumatatu, 11 Agosti

Nimesema uongo mbele ya kidato cha tano kizima. Kwa Kiingereza. Tena nikautaja herufi kwa herufi.

Kipindi cha fasihi ya Kiingereza. Riwaya tunayosoma ina mke ambaye hasemi hata neno moja, kitabu kizima. Abdulhamid, monita wetu, akasimama na desa lake, kijitabu cha majibu alichonunua kwa wamachinga wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Akatusomea kwamba mke yule kakandamizwa, hana sauti wala mawazo. Wote wakanakili. Mie damu ikanichemka. Msichana asiyesema darasani ni mimi, na mawazo ninayo mpaka yananinyima usingizi! Nikanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe. Nikasema yule mke hakukandamizwa. Anawatazama wote mle ndani na kuwacheka kimoyomoyo.

Abdulhamid akauliza: kwa mujibu wa nani?

Ningejibu kwa mujibu wangu, wangeniangusha kwa vicheko. Nikatazama juu kumwomba Mungu. Juu kulikuwa na pangaboi, feni ya darini. Limeandikwa VELSTROM.

Nikasema: kwa mujibu wa Profesa Velstrom.

Vichwa vyote vikainama, kalamu zikaanza kazi. Abdulhamid akataka kujua jina linaandikwaje. Nikamsomea kutoka darini.

Madam Severa, mwalimu wetu, akatangaza kuwa Ijumaa atachagua mmoja wetu akaseme kwenye kongamano la shule za Ilala, kuhusu yuleyule mke. Naitaka nafasi hiyo. Mimi, ninayetetemeka hata kuomba chenji kwa konda! Lakini akienda Abdulhamid, ukumbi mzima utaambiwa kwamba mtu akinyamaza basi kichwani hamna kitu. Sikubali.

Jumanne, 12 Agosti

Zarna, ninayekaa naye dawati moja, kajua. Baba yake anauza feni Mtaa wa Uhuru. Alicheka mpaka akalala juu ya dawati. Akasema, "Velstrom tunaye dukani, shosti. Ana mapanga matatu na waranti ya mwaka mmoja. Uprofesa kaupatia wapi?" Halafu akaacha kucheka, akaniambia nikatubu kwa Madam kabla uongo haujaota mkia.

Nikaahidi. Nikaenda kweli. Mlangoni mwa ofisi ya walimu nikatoa shikamoo kwa sauti ya panya. Marahaba, Madam akasema, nilikuwa nakutafuta wewe, Ummy. Akasema miaka yote aliyofundisha hajapata mwanafunzi aliyemletea mhakiki asiyemjua yeye. Akauliza hoja ile imo katika kitabu gani. Mdomo wangu, mdomo huu usiofunguka kwa lolote la maana, ukasema: *Kimya cha Mke*.

Nilikwenda kutubu. Nimerudi na kitabu.

Aibu kubwa zaidi: njiani kurudi nyumbani nilikuwa natabasamu.

Jumatano, 13 Agosti

Mungu wangu. Abdulhamid naye kamsoma Velstrom!

Kasimama, karekebisha tai, kasema binamu yake aliyeko chuo kikuu kamtumia kitabu cha pili cha profesa kwenye simu. Na kwamba humo profesa anaomba radhi kwa wasomaji. Anakiri alikosea. Mke yule kakandamizwa kabisa.

Pangaboi langu limenigeuka!

Ningefanyaje? Nikisema kitabu hicho hakipo, nitaulizwa nimejuaje. Nikabaki namtazama. Kaka wa watu anadanganya kwa utulivu, na anaamini kabisa kwamba mimi nasema kweli. Darasa likahamia kwake, eti kitabu cha pili ni kipya zaidi. Jacqueline wa dawati la mbele akanionea huruma, akasema usijali mdogo wangu, hata wasomi hupitwa na wakati.

Zarna akaninong'oneza kwamba hata dukani kwao toleo la pili lina matatizo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata njia. Velstrom afe. Akishakufa hataandika tena, wala binamu wa Abdulhamid hatapata cha kumtumia. Na maneno yake ya mwisho nitayajua mimi.

Asubuhi nilijizoeza mbele ya kioo: ndugu zangu, Profesa Velstrom hatunaye. Mama akasikia kutoka jikoni. Inna lillahi! Akaja na mwiko mkononi. Nani? Nikasema profesa mmoja. Akauliza, alikuwa anakufundisha? Nikasema hapana, ila alikuwa juu yetu siku zote. Mama akashika kifua, akasema watu wa namna hiyo wamebaki wachache.

Darasani nikatangaza. Abdulhamid akasimama, akasema yeye alipata habari tangu jana usiku ila hakutaka kutuvunja moyo. Kilichomuua ni kifua. Halafu akaomba tusimame dakika moja.

Tukasimama. Wote, na vichwa chini. Marehemu akawa anazunguka juu yetu, polepole, umeme ulikuwa mdogo. Madam Severa pekee ndiye hakuinamisha kichwa. Alikuwa anatazama dari.

Nikasahau hata maneno ya mwisho ya profesa.

Jioni ndiyo iliyonimaliza. Mama alikwenda kwenye kisomo chao cha kila Alhamisi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akawaomba wenzake waiombee subira familia ya mwalimu wa Ummy. Wakaomba. Bi Kuruthumu, mwenye mtoto ughaibuni, akalia. Mama akarudi na visheti kwenye kitambaa. Kula mwanangu, akasema, usikae na msiba tumbo tupu.

Nikavila. Vyote. Vilikuwa vitamu, na hilo nalo naliona aibu.

Ijumaa, 15 Agosti

Madam Severa aliniita kabla ya kipindi. Akaniambia yeye anajua kusoma, hata maandishi ya darini. Nikangoja anifukuze.

Hakunifukuza. Akauliza ile hoja ya mke anayecheka kimoyomoyo ni ya nani hasa. Nikasema yangu. Akasema ni hoja bora kuliko madesa yote ya Kariakoo, na kwamba leo nisimame niiseme kwa jina langu. Nikiweza kuisimamia, nafasi ya kongamano ni yangu.

Nikasimama. Nikasema: mimi, Ummy, naona. Nikaonyesha ukurasa ambapo mke anamimina chai huku mumewe akijisifu, na kikombe kinafurika. Nikauliza kama yule ni mtu asiye na mawazo.

Hakuna aliyeshika kalamu. Hata mmoja! Sauti nyuma ikauliza kwa mujibu wa nani. Nikasema wangu. Wakacheka, siyo sana, lakini wakacheka. Zarna akapiga makofi peke yake. Abdulhamid, kwa adabu zote, akasema tumheshimu marehemu, ambaye katika kitabu cha pili alilimaliza jambo hili.

Nikamwona Madam anafungua mdomo kunisaidia. Nilitakiwa kungoja tu. Pumzi moja!

Nikasema mjane wa profesa kakuta mswada wa tatu kabatini. Profesa karudi kwenye msimamo wake wa kwanza.

Kalamu zote zikaandika. Madam akafunga mdomo. Akageuka ubaoni, akaandika jina la Abdulhamid.

Mlangoni akaniambia, "Nilikufungulia mlango, mwanangu. Ukamsukuma mtu mwingine apite."

Nililia chooni. Zarna alisimama nje akiwafukuza watu.

Jumapili, 17 Agosti

Siku mbili nimejifikiria. Nimeona kosa langu. Sitamtegemea tena profesa yeyote. Nimeapa, tena nimeapa baada ya kuswali.

Mchana Abdulhamid kanipigia simu, sauti chini kama ya mgonjwa. Madam kamwambia kwenye kongamano asitaje mhakiki hata mmoja. Aseme alichokiona mwenyewe ndani ya riwaya. Na riwaya yenyewe, akasema, wewe dada yangu usimwambie mtu, hajawahi kuifungua. Ananiomba barua pepe ya mjane. Labda mama wa watu atamsaidia.

Nilikuwa na nafasi nzuri ya kumwambia ukweli. Hata mdomo niliufungua.

Nimefungua anwani mpya, ya mjane, nikamtumia. Ilichukua muda mfupi tu. Swali lake limeshaingia, refu, lenye pole nyingi. Nami nimeanza kujibu kwa Kiingereza safi kabisa: Mpendwa Abdulhamid, marehemu mume wangu alikuwa akikutaja sana.