Uchaguzi Ndani ya Mzinga

Jumatatu, 6 Mei
Mwalimu wa uraia ametangaza: Ijumaa mimi na Kasuku tutafundisha darasa kwa zamu, kwa nini watu hupiga kura. Atakayefundisha vizuri zaidi ataongoza klabu ya mdahalo. Kasuku tumempa jina hilo kwa sababu huongea kipindi kizima bila kumeza mate. Mimi nikiitwa jina tu, jasho! Lakini shangazi anafundisha sayansi ya siasa chuo kikuu. Ameniombea ruhusa ya maktaba yao wiki nzima, kwa sharti nisimtie aibu. Nimtie aibu? Mimi!

Jumanne, 7 Mei
Ghorofa nne za vitabu! Nusura nilie. Mkutubi, mama mwenye miwani moja machoni na nyingine kichwani, akanionyesha rafu ya vitabu vya saa mbili: unasomea humo humo, unarudisha, mwenzako anachukua. Nikakipata chenyewe. Utafiti wa wapiga kura, majedwali tele. Nakala moja tu. Kuinua macho, Kasuku anaingia na kaka yake anayesoma hapo! Nikapanda ghorofa ya tatu mbio, nikakichomeka katikati ya vitabu vya ufugaji nyuki. Kasuku akatafuta hadi akachoka, akaenda kuketi kwenye kompyuta. Kucheza michezo, bila shaka. Nilimwonea huruma. Kidogo sana.

Jumatano, 8 Mei
Msiba. Kwenye nyuki hakipo! Chini, shangazi na wanafunzi wake wameizingira meza ya mkutubi. Kumbe alikuwa amewawekea kitabu hicho kwa semina ya leo. Mkutubi akawatuliza: kila asubuhi wahudumu wa maktaba hupitia rafu, na leo wamekuta uchaguzi ndani ya mzinga. Kicheko. Tena, akasema, kitabu kinasomeka kwenye kompyuta zote, hata watu mia kwa pamoja. Yule kijana pale anakisoma tangu jana. Yule kijana ni Kasuku.
Nikakiri. Sauti haikutoka, nikakiri tena. Shangazi akasema mtoto wa kaka yake amemvua nguo hadharani. Hukumu ya mkutubi: kesho baada ya shule nikae meza ya mbele, niwafundishe watu kutafuta vitabu.

Alhamisi, 9 Mei
Wa kwanza alikuwa njemba mwenye ndevu. Akaniita mwalimu! Nikamwonyesha kuandika mada, kuchagua miaka, kufungua makala. Kufika wa kumi nilikuwa naongea kwa mikono yote miwili. Shangazi akapita, akajifanya hanijui. Lakini alitabasamu, nilimwona.

Ijumaa, 10 Mei
Kasuku akamwaga majedwali yote kwa pumzi moja. Darasa likasinzia. Mimi nikawapigisha kura: nani afute ubao mwezi mzima? Kisha nikauliza kila mmoja sababu. Vurugu tamu! Huyu alimfuata rafiki, yule alilipiza kisasi, mwingine alitaka tu asiwe yeye. Tukalinganisha na majedwali. Kengele ikalia, hakuna aliyenyanyuka. Nimeshinda! Hata Kasuku akanipa mkono, akasema nimeua.

Jumamosi, 11 Mei
Mkutubi amenipa kadi yangu mwenyewe. Nimeapa kuwa mtu safi. Ila meza ya dirishani ni moja, na wahadhiri tu ndio huruhusiwa kuiwekea nafasi. Basi nimejaza fomu ya mwezi mzima kwa jina la mhadhiri niliyemtunga. Nikampa na udaktari. Mkutubi ameisoma polepole, akasema angependa sana kumsalimia daktari huyo Jumatatu. Nimemwambia atakuja.
Shangazi ana koti refu. Litanitosha.