Chumba cha Kuundia Meli

Jumamosi, 1 Machi

Tumepeana mikono! Chumba cha nyuma ni changu. Karibu changu. Kuna sharti moja dogo.

Mama mkwe anakuja Jumapili ijayo, na si kwa wiki, kwa miezi. Mke wangu akasema atampa chumba cha nyuma, ambacho kwa sasa kina masanduku na baiskeli ya gurudumu moja. Nikasema haiwezekani. Mama atalala chumba cha binti yetu aliyeko chuoni. Chumba cha nyuma ni karakana yangu ya kuundia modeli za meli, nimekipangia hivyo tangu tuhamie hapa, miaka tisa sasa. Mke wangu akacheka mpaka akaegemea friji. Akanikumbusha kwamba katika miaka hiyo tisa nimenunua maboksi kumi na moja ya meli na sijamaliza hata moja. Nikamjibu kwamba sababu ni moja tu, sina mahali. Mtu ataundaje meli kwenye meza ya chakula, kila saa anaambiwa aondoe takataka zake?

Basi akatoa sharti. Nimalize meli moja kabla ya Jumamosi ijayo saa kumi jioni, chumba kiwe changu maisha. Nisipomaliza, mama anaingia. Nikaudaka mkono wake kabla hajabadili mawazo. Nina likizo ya wiki nzima. Meli ina vipande mia mbili na kumi na vinne tu. Gawanya kwa siku saba! Mchezo wa watoto.

Siwezi kutulia. Nimekizunguka chumba mara ishirini. Ninachotaka hapa duniani ni mlango mmoja ambao nikiufunga nabaki mimi na kitu ninachokipenda. Si mengi hayo.

Jumapili, 2 Machi

Sijaanza meli. Haianzwi meli kwenye chumba kisicho tayari. Haraka haraka haina baraka.

Nimetoa masanduku. Baiskeli iko koridoni. Mke wangu amejigonga nayo mara mbili na amesema maneno ambayo sitayaandika. Nikahamisha kiti cha sebuleni, kile kikubwa cha kuzama, kwa sababu mgongo ukiuma mkono nao hutetemeka. Kiti kikagoma mlangoni. Nikaung'oa mlango. Kiti kikapita. Mlango haujarudi bado.

Alasiri akapita jirani wa juu, daktari wa meno mstaafu. Kimoyomoyo namwita Bwana Sinia. Anaunda meli zake juu ya sinia la chai, amelipakata magotini, redio pembeni, kwa vile vindoano vyake vya zamani vya kuchokolea meno. Kila mwezi meli moja. Inaudhi! Akakitazama kiti, akalitazama dirisha, akauliza meli iko wapi. Nikamweleza kwamba kwanza natengeneza mazingira. Akasema yeye hatua hiyo huiruka. Nilimwonea huruma, mzee wa watu. Hajui raha ya kufanya kazi kwa utaratibu.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeleta taa ya meza yenye kioo cha kukuzia. Feni. Kimeza cha magurudumu cha kuwekea gundi na rangi. Nikakaa kitini. Nikahesabu mpaka kumi. Nikaona kitu kinakosekana, nikainuka. Nikakaa tena. Nikainuka tena.

Ilikuwa sakafu. Ina madoa ya kale, na macho yangu yakawa yanakimbilia madoa badala ya kazi. Nikaipaka rangi. Kijivu! Rangi tulivu, haimpigi mtu kelele. Mke wangu aliporudi kazini akasimama pale ulipokuwa mlango, akauliza meli imefika wapi. Nikamwambia inakauka. Akaitazama kalenda ukutani. Namjua huyu, anahesabu siku.

Rangi inataka kuachwa mpaka kesho, kwa hiyo sina pa kuingia. Nimetembea barazani kwenda na kurudi mpaka mama wa nyumba ya chini akauliza kama kuna mgonjwa kwetu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua boksi! Ile harufu yake! Vipande vinakuja vimeshikana na fremu za plastiki, namba zimepangwa vizuri. Karatasi ya maelekezo inasema ukate kimoja, ukibandike, ndipo ukate kingine. Imeandikwa na mtu asiyejua kiwanda kinavyoendeshwa. Mimi nimekata vyote kwa mkupuo. Asubuhi moja tu, vipande mia mbili na kumi na vinne, lundo zuri mezani. Fremu nikazitupa. Gari la taka likapita saa nne.

Saa tano nikagundua kwamba namba hazikuwa kwenye vipande. Zilikuwa kwenye fremu.

Jasho likanitoka. Nikawasha feni.

Sitaki kuandika kilichofuata, lakini shajara ni shajara. Lundo lote lilipaa. Hiyo ni meli ya kivita, plastiki yake ni ya kijivu. Nimekishika kipande nikakilinganisha na sakafu. Ni kijivu kile kile. Nilisimama katikati ya chumba nisijue mguu niuweke wapi, na sijui tayari nimeshakanyaga vingapi.

Jumatano, 5 Machi

Kutwa nimetambaa. Mke wangu kabla hajaenda kazini akaniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamjibu kutoka mvunguni kwamba nimeinama tangu alfajiri. Akasema ameona, akaenda zake.

Vipande sitini na kimoja, kishikizo cha shati, na kidonge cha dawa ya kichwa, ambacho nimekimeza. Kisha nikapata wazo. Kutembea pekupeku! Kinachochoma ni kipande. Wazo limefanya kazi vizuri sana. Vipande tisa na msumari mmoja.

Saa nane ikapigwa honi nje. Mama mkwe! Siku nne kabla! Kapata mtu mwenye gari anakuja huku, akaona ya nini kungoja. Nilimpokea kipande cha nanga kikiwa kimenasa gotini. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba baba, akauliza kama nimepotewa na pete. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutaona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha. Mama amekipata kiti.

Alizunguka nyumba nzima akijaribu pa kukaa, maana kiuno kinamsumbua, mpaka akafika chumba cha nyuma. Kiti kinamzamisha. Taa inamwangaza. Upepo upo. Na kwa kuwa mlango haupo, aliongea bila kupaza sauti na binti yake aliyekuwa jikoni akijiandaa kwenda kazini. Akasema tangu azaliwe hajakaa mahali pazuri hivi. Nimepewa sifa, nakubali, lakini hainuki! Na mama mkwe haambiwi inuka. Nilijaribu kukohoa. Akaniagizia maji ya moto.

Alipojua shida yangu akaomba shuka jeupe na kitambaa kibichi. Huyu mama kashona nguo za watu miaka arobaini, na fundi nguo ana njia yake ya kutafuta sindano. Alianza ukutani, akaja kati, upana wa kiganja kwa wakati mmoja, kila alichokiokota akakimwaga kwenye shuka. Kufika saa sita, mia mbili na kumi na vitatu. Cha mwisho kilikuwa kwenye pindo la suruali yangu. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ni mkwe.

Nikamwambia hata hivyo kazi imekufa, namba hazipo. Akaiomba picha ya boksi. Akavaa miwani. Akasema nguo nayo huja vipandevipande, na yeye hajawahi kuona bega lililoandikwa namba. Akaanza kuchambua, hivi vya ubavuni, hivi vya juu, hivi sijui, tuviweke hapa. Kulikuwa na kigoda pembeni yake. Ningekaa pale. Nilikaribia kabisa kukaa. Lakini rafu ilikuwa haijapigwa ukutani, na maboksi yangu mengine hayawezi kukaa chini kama wakimbizi. Nikaenda kununua misumari.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nilitoka kununua pazia, niliporudi nikakuta mbavu zote mbili zimesimama na sitaha imekaa. Mama anabandika huku anaimba kwa pua. Kwanza nikataka kumzuia. Meli ni yangu! Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Mpango ukanijia mzima mzima, kama umeletwa na posta.

Aunde mama. Kesho saa kumi, meli ipo mezani, mimi nimesimama ubavuni kwake, nimejishika kiuno. Nani ataniuliza? Mke wangu yuko kazini kutwa, akirudi tunaifunika kwa shuka. Nikamsifu mama kwamba mikono yake ni dawa. Nikamletea chai. Nikamwambia hii iwe siri yetu, tumshtue binti yako. Akaniangalia juu ya miwani. Akasema yeye, baba, hana ugomvi wa chumba, kitanda ni kitanda, na kama chumba kitanipa raha, nikichukue.

Nilijisikia vibaya. Kabisa, nilijisikia vibaya, nusu saa nzima. Kisha nikaenda kupiga pazia.

Nimemwalika Bwana Sinia aje kesho awe hakimu. Mtu wa kazi ndiye atakayejua ubora wa kazi. Nataka niuone uso wake!

Jumamosi, 8 Machi

Saa tisa na nusu, mke wangu akiwa bado sokoni, mama kasimamisha mlingoti. Ni meli! Meli nzima, ndani ya nyumba yangu, kwa mara ya kwanza! Nikamwomba akakae jikoni.

Saa kumi kamili nikaondoa shuka. Mke wangu akaweka mkono mdomoni. Bwana Sinia akainama na ile taa yangu yenye kioo, akaifuata meli kutoka mbele mpaka nyuma, polepole, mtu atadhani anatafuta jino bovu. Akasema hajaona maungio safi hivi. Akaniuliza uzio wa sitaha nimeufanyaje ukakaa wima. Nikasema kwa subira. Akauliza nimeanza na upande gani. Nikasema upande wa chini. Mama akasema kwa sauti kutoka jikoni kwamba baba amejitahidi sana wiki hii, msimchoshe kwa maswali. Alikuwa ananitetea! Laiti angebaki huko huko jikoni.

Bwana Sinia akaniomba nimwonyeshe vidole.

Nikamwonyesha. Akanyoosha vyake. Ncha zake zote ni gundi kavu, inabanduka kama magamba ya samaki, na akaeleza kwamba hii haitoki kwa sabuni, mtu aliyeunda meli hubaki nayo wiki nzima. Vyangu vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Nikasema mimi hunawa sana. Ndipo mama akaja na sinia la chai, akatugawia vikombe, na alipofika kwangu kikombe hakikutoka mkononi. Nikavuta. Akavuta. Kimegandana na dole gumba.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Nani aliniambia nimwite hakimu?

Nilingoja kelele. Mke wangu hakupiga kelele. Alikichovya kidole cha mama kwenye maji ya uvuguvugu, akakibandua kikombe taratibu, na akasema bila kunitazama kwamba wiki nzima alikuwa akiomba nishinde. Kwamba alishanunua kitasa cha ule mlango, na funguo mbili, zote zangu. Kisha akaenda kutandika kitanda cha mama kwenye chumba cha nyuma.

Hilo limeniuma kuliko chumba. Nimekaa barazani na sikuinuka mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi mama kaniita. Yumo kitini, shuka jeupe limetandazwa, na mbele yake boksi langu la pili, meli ya mizigo. Kigoda kiko pale. Akasema chumba kisitugombanishe, ni chake usiku tu. Mchana tukae wote tuunde. Yeye atakata kimoja, mimi nitabandika kimoja, na hakuna wa kutuhesabia siku.

Nikakaa. Akanipa kipande cha ubavu wa meli, nikapaka gundi, nikashika, nikangoja. Kikakaa! Akanipa kingine. Kikakaa! Mke wangu akapita koridoni, akasimama, akatuona, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Vipande viwili, vimebandikwa na mimi. Sijui kama nimewahi kuwa na raha namna ile. Nilitamani nisiinuke kamwe.

Ila kile kigoda ni kifupi kidogo. Na ukiwa pale, ukitupa macho dirishani, unaiona ile kona ya baraza wanapoanika nguo. Hewa safi. Mwanga wa pande tatu. Ukiweka ukuta mwepesi, na meza ya kukunja, na paa dogo... Nikamwambia mama nakuja sasa hivi, nikachukua futi kamba.

Ni mita mbili na robo kwa moja na nusu. Inatosha kabisa! Nimechora ramani mara tatu. Niliporudi, saa kumi na moja, mama alikuwa amemaliza meli. Nimempongeza. Kesho asubuhi namwona fundi wa paa.